Posa ya Gazeti la Tumesikia

"Wiki moja tu, dada Theo. Sijakuomba mwaka."

Theopista Lugome hakugeuka. Alikuwa ameinamia pipa la tatu, mikono imezama hadi viwikoni, akigeuza muhogo uliovundikwa. Harufu yake ilikuwa imekwisha kuruka uzio wa mabati, ikapita juu ya kamba ya mashuka ya Bi Mwatumu, ikaingia vyumba vyote sita vya nyumba ya wageni bila kujiandikisha. Theopista akajibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na muhogo kwamba pua za watu wa gazeti aliziumba Mungu yuleyule aliyeziumba pua za Mvukeni, na kama haziutaki muhogo zifungwe.

Mwatumu akasema hayo ni rahisi kwa mtu ambaye hatanyang'anywa nyumba. Watu wa gazeti wanakuja Alhamisi. Amewasubiri miezi tisa, amepaka rangi mara mbili, na hataki waandike kwamba Mvukeni inanuka.

Theopista akasema Alhamisi hiyohiyo mjukuu wake anatimiza arobaini na anatolewa nje. Watu wa upande wa baba wanakuja, wa upande wa mama wanakuja, si chini ya hamsini, nao wale nini, hiyo rangi nyeupe? Kisha akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye kanga, na kusema lile lililokuwa moyoni mwake muda mrefu.

"Tangu uanze kuchumbiana na gazeti, bi mkubwa, hata salamu zako zimekuwa na mhuri."

Majirani waliokuwa wamejaa kwenye uzio, kwa sababu Mvukeni mtu hagombani peke yake, waliguna kwa kuridhika.  Mwatumu alikuwa na majibu mazuri tu, mwaka juzi angeyatoa matatu kwa mpigo. Lakini alikuwa amechoka. Akaanua mashuka yake, akaingia ndani kuyafua upya.

Tuseme kidogo kuhusu nchi yenyewe. Jina lake silitaji, si kwa woga, ila kwa sababu Tume ya Kulifikiria Jina la Nchi bado iko kwenye semina. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina wanyama ambao hawajahesabiwa kwa kuwa hawajajaza fomu, na pale Mvukeni ina chemchemi za maji ya moto ambazo wenyeji huzitumia kuvundikia muhogo, maana maji yale humaliza kwa siku moja kazi ya siku nne.

Kitu kilichokosekana ni watalii. Serikali, ambayo haipendi kitu kikose, iliunda kamati ya watu arobaini na mmoja, ikaipeleka katika nchi wanakotoka watalii ikawatazame wakiwa kwao. Kamati ilitazama mwaka mzima. Ilirudi imenenepa, imevaa makoti, na ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: watalii hawaji kwa sababu hawajasikia. Daraja la barabara ya Mvukeni, lililochukuliwa na mto mwaka uliotangulia, halikutajwa, kwa kuwa kamati ilisafiri kwa ndege na haikuliona likikosekana.

Basi Waziri wa Utalii, Mandhari na Sura Njema akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "chemchemi ambayo haikuandikwa ni dimbwi. Mlima ambao haukuandikwa ni kichuguu. Na mfanyabiashara ambaye hakuandikwa ni nani? Ni mtu tu."

Uwanja mzima ulipiga makofi, kwani katika nchi ile kuwa mtu tu ni hatari inayojulikana.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kujulikana. Kila anayepokea wageni alitakiwa ajenge uhusiano mwema na vyombo vya habari, aandikwe, na apewe Hati ya Kujulikana kabla ya mwezi wa saba kwisha. Atakayeshindwa, nyumba yake ingehesabiwa kuwa haina mwenyewe anayejulikana, na ingegeuzwa ghala la picha za Mheshimiwa Mkuu. Picha hizo zilikuwa nyingi mno, maana Mheshimiwa alizidi kuwa kijana kila mwaka na zile za zamani zilikuwa zikimzeesha. Vyombo vya habari vyenyewe vilikuwa kimoja, gazeti la Tumesikia, lakini sheria iliviita vyombo kwa heshima.

Bi Mwatumu Kisebengo alikuwa na miaka hamsini na minne, mjane, na vyumba vile sita ndivyo alivyokuwa navyo duniani. Alikuwa amevijenga kimoja baada ya kingine kwa maandazi. Alipenda watu. Alipenda nyumba ikijaa hadi mtu mmoja alale ukumbini na kuamka akijua habari za wote. Tangu daraja liondoke, alikuwa akijihamishahamisha mwenyewe, leo chumba cha pili, kesho cha tano, ili magodoro yasisahau kazi. Kwa hiyo aliposikia kuna sheria ya kuleta watu, alifurahi, akaenda wilayani siku ya pili yake. Hiyo ndiyo furaha yake ya mwisho tutakayoisimulia kwa muda.

Aliyemhudumia aliitwa Bwana Kassian Mheluka, mtu mpole, mrefu, mwenye kofia ya kufuma na bakora, na cheo chake kilikuwa Mshenga wa Habari, Daraja la Pili. Mwatumu alicheka akidhani ni utani. Kassian hakucheka. Alimweleza kwamba sheria ilipopita hapakuwa na muda wa kutunga kanuni za uhusiano, na kanuni pekee za uhusiano zilizopatikana kabatini zilikuwa zile za posa, zilizoandikwa na Idara ya Mila kabla haijaunganishwa na Idara ya Madaraja. Wakubwa walizipitia, wakakata neno "binti" na kuandika "gazeti". Ilichukua asubuhi moja, na wizara ilipewa tuzo ya wepesi.

"Kwa hiyo mimi ni bwana harusi au bibi harusi?" aliuliza Mwatumu.

Kassian alipekua, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Inategemea ukurasa, mama yangu."

Ukurasa wa kwanza hadi wa tatu alikuwa mposaji. Alitakiwa aandike barua ya posa kwa mhariri, nayo ifungwe katika leso mpya na ipelekwe na mshenga, siyo kwa posta. Barua ya kwanza ilirudi kwa sababu ilisifia chemchemi kabla ya kulisifia gazeti. Ya pili ilirudi kwa sababu ililisifia gazeti kuwa linasomwa sana, jambo lililoashiria kwamba liliwahi kusomwa kidogo. Ya tatu ilikaa miezi miwili kisha ikajibiwa kwa fomu ya kuuliza ukoo. Je, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kubishia habari? Je, mposaji mwenyewe aliwahi kuwa na gazeti lingine? Mwatumu, ambaye hajui kusema uongo kwenye karatasi, alieleza kwamba zamani kulikuwa na gazeti la Radi, kabla halijafungwa na mhariri wake hajaenda kupumzika mahali pasipojulikana, na kwamba yeye alikuwa akilinunua kila siku kufungia maandazi. Kassian aliandika: mposaji alikuwa nalo, lakini kwa mafuta tu.

Kwa jibu hilo alipewa onyo na kozi ya siku nne.

Ukurasa wa nne ulihusu mashangazi. Kanuni ilisema kabla ya posa kukubaliwa mashangazi watakuja kukagua nyumba. Tumesikia halikuwa na mashangazi, likaleta wanaume sita kutoka chumba cha kusahihishia herufi, wenye ndevu na njaa, na Mwatumu akatakiwa kuwaamkia mmoja mmoja, shikamoo shangazi. Walitazama chini ya vitanda. Waliuliza kama anajua kupika pilau na walipoambiwa ndiyo wakasema jambo kama hilo haliaminiwi kwa kuambiwa. Walikaa siku kumi, kila shangazi na chumba chake, na usiku walikoroma kwa zamu.

Ilikuwa siku ya saba ya mashangazi walipotokea watu wawili mlangoni, mume na mke, wazungu, mizigo mgongoni, miguu imevimba. Walikuwa wamevuka mto kwa kushikana mikono. Dereva mmoja wa lori, mtu mzima, aliwaambia huko mbali kwamba Mvukeni kuna maji ya moto ya kukandia miguu na mama mmoja mkarimu. Hawakuwa wamesoma gazeti lolote. Walikuwa watalii wa kwanza katika miaka miwili.

Mwatumu alisimama mlangoni akiwa na mwiko. Aliwaza kumtoa shangazi mmoja, hata yule mfupi, alale jikoni. Kassian, aliyekuwa nyuma yake, alimkumbusha kwa upole kwamba kumsumbua shangazi ni kuvunja posa. Ikambidi Mwatumu awaeleze wale watu, kwa Kiswahili na kwa mikono, kwamba samahani, nyumba imejaa, iko katika maandalizi ya kupokea wageni. Mume aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Mke alimgusa bega na kumshukuru. Mwatumu aliwatazama wakienda, wakichechemea, hadi kona ya mashine ya kusaga, na hata walipokwisha kukata kona aliendelea kutazama kona.

Turudi kwenye Alhamisi.

Alhamisi ilikuwa ukurasa wa tano, siku mwandishi mwenyewe anapokuja kuona na kuandika, na kufikia ukurasa wa tano Mwatumu hakuwa tena mposaji. Alikuwa mwari. Kassian alimsomea mara mbili: siku ya kuonwa, mwari hukaa chumba cha ndani, mlango umefungwa, haonekani wala hasikiki, mpaka mgeni aseme mwenyewe kwamba ameridhika na aombe afunguliwe.

Mwatumu alimuuliza mgeni ataridhikaje na nyumba ambayo mwenyewe hayuko kumkaribisha. Kassian akasema swali hilo ni zuri na lina ukurasa wake, ila haujachapwa.

Basi wakajifungia chumba cha sita, mwari na mshenga wake, pamoja na sufuria mbili za chakula cha mgeni, kwa maana jikoni kulitakiwa kubaki safi. Mashuka meupe yalitandikwa. Ukumbi ulifagiwa hadi sakafu ikang'aa. Nyumba nzima ikatulia, nyeupe, haina hata mlio wa kijiko.

Upande wa pili wa uzio mjukuu wa Theopista alikuwa akitolewa nje. Kulikuwa na ngoma, vigelegele, bibi wanane wakiimba kwa kupokezana, sufuria za wali, muhogo wa mapipa ukitolewa na kuanikwa huku watu wakiuruka, na watoto wakitumwa huku na kule bila kwenda.

Saa nne asubuhi mwandishi alifika. Aliitwa Philibert Machumu, na alikuwa amefika kwa pikipiki ya serikali na kuvushwa mto juu ya mgongo wa mtu. Alisimama mbele ya nyumba nyeupe, akabisha hodi mara tatu. Ndani, Mwatumu aliinuka. Kassian aliweka bakora mlangoni, akatikisa kichwa, akamwambia kwa mnong'ono atulie, mambo yanakwenda vizuri sana.

Philibert aligeuka, akasikia ngoma, akafuata pua.

Kwa Theopista hakuna aliyemuuliza ni nani. Mgeni haulizwi anakotoka kabla hajala, hiyo ni aibu, na akisha kula anakuwa mtu wa nyumbani, kumuuliza ni aibu zaidi. Watu wa upande wa baba walimwona amevaa shati zuri wakadhani ni mjomba wa upande wa mama. Watu wa upande wa mama walimwona anavyokula wakajua ni wa upande wa baba. Akapewa maji ya kunawa, akapewa paja la kuku, na shangazi mmoja, wa kweli safari hii, akamwekea mtoto mchanga kifuani, ambembeleze wakati wengine wanacheza. Mtoto akalala palepale. Philibert Machumu, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika uzinduzi wa mabomba, alibaki amekaa na yule mtoto hadi alasiri, hajui kwa nini macho yanamlengalenga. Akalala hapo, ukumbini, kati ya wazee wawili waliomsimulia ukoo wote. Siku ya pili aliloweka miguu yake, iliyovimba kwa safari ya pikipiki, katika maji ya pipa la muhogo, kwa kuwa aliona bibi mmoja akifanya hivyo, na uvimbe ukashuka. Jioni akaondoka, na wote walimsindikiza kwa jina la mjomba.

Mwatumu alisikia yote kupitia ukutani, siku mbili, pamoja na nyimbo. Kassian alizimaliza sufuria zote mbili.

Habari ilitoka ukurasa wa mbele wa Tumesikia, chini ya picha ya ufukwe wa bahari, picha ambayo wizara ilitaka itumike kila mahali ingawa nchi haina bahari. Watu wa Mvukeni walikubali kwamba haijawahi kutoka habari tamu kama ile. Ilieleza nyumba ya wageni ya Mvukeni, isiyo na milango ya kufungwa, ambamo mgeni hupokewa kwa kukabidhiwa mtoto mchanga. Ilieleza mapipa ya tiba yenye harufu ya asili. Ilimtaja mama mwenye nyumba, ambaye alimwambia mwandishi maneno mawili tu siku zote mbili, nayo ni "ongeza wali". Mwishoni ilikuwa na mstari huu: jirani yake lipo jengo jeupe, safi, lenye ukimya mkubwa, ambalo ni mochwari.

Mwatumu alikwenda wilayani na gazeti mkononi. Hakupiga kelele. Aliomba tu lisahihishwe.

Kassian alimkalisha, akamletea maji. Alimwambia kwamba Sheria ya Gazeti Kutokosea ina kifungu kimoja na kinatosha: gazeti na kitu vikitofautiana, kitu kinapewa siku kumi na nne kijirekebishe.

"Lakini kuna heri ndani yake, mama yangu," alisema. "Sheria ya Kujulikana haiwagusi marehemu. Mochwari haitaifishwi. Nyumba ni yako."

"Yangu ya kuweka maiti."

"Yako," alisema Kassian, na ilionekana naye amechoka.

Bango la nyumba ya wageni likahamishiwa kwa Theopista, ambaye alilikataa, likapigiliwa hivyohivyo. Kwa Mwatumu likaja daftari kubwa jeusi kutoka Wizara ya Afya na Mwisho Mwema, lenye safu za kujaza: jina la marehemu, siku aliyofika, aliyemleta, atakayemchukua. Mwezi ulipopita ikaja barua ya kumkaripia. Ilisema mochwari yake ya vyumba sita haijapokea hata mtu mmoja, na kwamba uzembe wa namna hiyo unawavunja moyo wananchi.

Watalii walikuja. Hilo lisemwe kwa haki. Daraja lilijengwa kwa siku tisa, maana Waziri mwenyewe alitaka kubeba mtoto. Baada yake wakaja wakubwa wengine na wake zao, kisha wageni kutoka nje, kwa mabasi, wakiulizia mapipa. Mjukuu wa Theopista alibebwa hadi akapata harara, ikabidi waazimwe watoto wa mitaa ya jirani, kwa zamu. Theopista aliamriwa avundike mapipa kumi na mawili, hata kama hakuna wa kuula muhogo huo, kwa kuwa kila pipa lilikuwa na miguu ya mtu. Wageni walilala ukumbini, barazani, jikoni, wengine wameketi. Alikuwa hajui kumfukuza mgeni, na wizara ilikuwa imemwandikia kwamba asijifunze.

Mwatumu alikaa ndani ya nyumba yake nyeupe akisikiliza nyumba ya mwenzake ikijaa. Alikuwa amerudi kwenye desturi yake, leo chumba cha tatu, kesho cha nne.

Siku moja, saa kumi alasiri, mlango ulibishwa. Alikuwa Theopista, amesimama na kanga imefungwa kombo, uso umeingia ndani kama wa mtu aliyeugua. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya ugomvi. Nyuma yake, barabarani, walisimama wageni ishirini na watatu na mizigo yao, wametulia kwa adabu.

"Sina pa kuwalaza," alisema Theopista. "Nimewatazama, nimewahesabu, sina. Wewe una vitanda."

Mwatumu aliwatazama wale watu. Wengi walikuwa wanachechemea.

"Hapa ni mochwari, dada Theo. Akiingia mtu lazima nimwandike marehemu. Wilayani wanakagua daftari."

"Nimewaambia. Nikawaeleza kwa mikono, nikalala chini na kufumba macho. Wanauliza kama ni kweli hakuna kelele."

Mwatumu alikwenda kulichukua lile daftari jeusi na kalamu, akalifungua ukurasa wa kwanza juu ya meza ya mlangoni. Aliulaza mkono juu ya karatasi muda kidogo. Vitanda sita, na ukumbi, na baraza. Wakibanana wataenea, na mmoja atalala jikoni. Mgeni wa kwanza, mzee mwenye kofia ya jua, alikwisha kusogea, akatoa pasipoti yake, akasoma safu ya nne na kuuliza kwa ishara hapo aandike nani atakayemchukua. Akaandika mwenyewe: basi la Jumapili.

Theopista alikuwa bado amesimama kizingitini, amejishikiza kwenye mwimo wa mlango, anawatazama wakipanga foleni. Mwatumu akaacha kuandika.

"Na wewe umekula?"

Theopista alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la zamani sana.

"Juzi nilionja wali. Wananipiga picha nikishika kijiko."

Mwatumu akafunika kalamu, akasogeza kiti cha jikoni kwa mguu.

"Ingia ule," alisema. "Marehemu watasubiri."